Mlango wa Gareji ya Wamae

Magdaline wa Skuta, mtaa mmoja wa Nyeri, alikuwa na desturi ya kusali huku akipika chai. Alisali macho wazi, maana maziwa hayangoji amina. Aliwaombea watoto wake mmoja mmoja. Akamshukuru Mungu kwa miaka aliyoishi na marehemu mume wake, Wamae. Halafu alinyamaza, akasikiliza.

Alikuwa akisikiliza mlango wa gareji.

Gareji ilikuwa nyuma ya nyumba. Wamae aliijenga mwenyewe kwa mawe. Mlango wake ulikuwa mkubwa na mzito. Wamae aliutengeneza kutoka ubavu wa basi kuukuu, na rangi ya basi hilo ilikuwa bado inaonekana: buluu, na mstari mweupe katikati. Ulipofunguliwa, mlango huo uliguna kama mzee anayeinuka kitini. Zamani mguno huo ulimwambia Magdaline kwamba mume wake ameingia kazini. Sasa ulimwambia kwamba Theuri ameingia.

Theuri alikuwa kitinda mimba wao. Alijifunza ufundi wa magari kwa babake, tangu alipoweza kushika spana. Babake alipofariki, gareji ikawa yake.

"Chai iko tayari," Magdaline alikuwa akiita.

"Nakuja, mama. Hii gari iko na homa."

"Basi ipe dawa haraka, chai inapoa."

Magdaline alipenda kuingia gareji asubuhi na kikombe mkononi. Kila kitu kilikuwa kama Wamae alivyokiacha. Koti lake la kazi lilining'inia kwenye msumari. Kiti cha Peugeot kilikuwa kando ya ukuta, mahali wateja walipokaa wakingoja. Spana zilipangwa ukutani kuanzia kubwa hadi ndogo, mkabala na dirisha pana lililotazama barabara ya nyuma. Wamae alipenda dirisha hilo.

"Mtu akipita aone spana zimepangwa," alikuwa akisema, "atajua fundi wa hapa kichwa yake pia imepangwa."

Siku hizo gareji haikufungwa mchana. Wamae aliweza kwenda kula nyumbani akaacha mlango wazi. Jirani akihitaji jeki, alikuja akachukua. Alipoirudisha, alikuja na ndizi au sukuma wiki ya kutoka shambani. Jioni wazee walikaa kwenye kile kiti cha Peugeot wakisikiliza redio. Walibishana kuhusu bei ya kahawa hadi Magdaline akawatuma kwa wake zao. Hakuna aliyepoteza hata nati moja.

Magdaline aliona kwamba akiacha kila kitu mahali pake, siku hizo nazo zitakaa karibu.

Mwaka huu mambo mawili mazuri yalimfika Theuri. Kwanza, alinunua mashine mpya ya kuchomelea vyuma. Pili, alipata mchumba. Msichana huyo aliitwa Nyawira, na kwao kulikuwa mji wa Kenol.

Jumapili moja, wakati wa ushuhuda kanisani, Magdaline alisimama. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina," watu waliitikia.

"Mungu amemkumbuka mtoto wangu. Amempa mashine mpya ya kazi, na amempa mke. Jumamosi tunaenda Kenol kwa ruracio, kupeleka mahari. Tunaenda wote, hatuachi hata paka. Tunatoka asubuhi na tunarudi jioni. Mtuombee safari."

Kanisa lote lilisema amina. Watu walipiga makofi. Siku hiyo hiyo Theuri alipiga picha akiwa amesimama kando ya mashine yake. Aliiweka mtandaoni kwa simu yake ili kila mtu aione. Nyuma yake zilionekana jeki, drili, na kompresa ya kujaza upepo. Marafiki walimpongeza, na hata watu asiowajua walimpongeza.

Jumamosi ilikuwa nzuri. Wanawake wa Kenol waliwazuia langoni kwa nyimbo, kama desturi ilivyo, wakawauliza kama wamepotea njia. Magdaline aliwajibu kwa wimbo kwamba njia wanaijua, ni miguu tu iliyochelewa. Wanawake hao walicheka, wakawafungulia. Walikula, wakazungumza, wakaelewana.

Walirudi Nyeri jua likiwa bado juu ya milima ya Nyandarua. Jirani yao Risper alikuwa akianua nguo. Risper alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa kutoka magharibi, aliyeishi Skuta miaka mingi.

"Mama Theuri, karibuni nyumbani," alisema. "Na vile vitu vilifika salama?"

"Vitu gani?"

"Si vile mlituma vijana wachukue. Ile mashine mpya. Na ile ya upepo."

Magdaline alisimama. "Risper, hatukutuma mtu."

"Msinichezee. Walikuja na pikapu, wamevaa ovaroli safi. Niliwasalimia. Wakaniambia ati ni zawadi za wakwe, zimesahauliwa, na wazee wanangoja Kenol." Risper aliziangusha nguo kwenye beseni. "Mama Theuri, mimi ndiye niliwafungulia geti. Hata nikawaambia wabebe polepole, wasikwaruze."

Theuri alikuwa ameshakimbia nyuma ya nyumba.

Mlango wa gareji ulikuwa umeegemezwa ukutani. Kufuli zake kubwa zilikuwa zinaning'inia pale pale, zimefungwa vizuri, hazina hata mkwaruzo. Lakini upande wa pili, pale mlango ulipoungana na ukuta, bolti zote zilikuwa zimefunguliwa. Wezi walikuwa wameutoa mlango mzima kama mtu anayetoa kifuniko cha sufuria.

Ndani, mashine ya kuchomelea haikuwepo. Kompresa haikuwepo. Jeki na drili zilikuwa zimekwenda. Ukuta wa spana ulikuwa mtupu, umebaki na misumari. Hata spana za zamani za Wamae zilikuwa zimebebwa. Chombo cha kazi kilichobaki ni kile chuma kizito cha kubana vitu, kile mafundi hukiita vaisi. Wamae alikuwa amekifunga kwenye meza kwa bolti ndefu, na meza yenyewe ameisimika kwenye saruji.

Theuri alikaa juu ya kiti cha Peugeot, akiwa bado na suti yake ya ruracio. Magdaline alitaka kumwambia Mungu ataleta vingine. Alimshika bega tu.

Asubuhi iliyofuata Theuri alisema alichokuwa anafikiria.

"Mama, kuna gareji kubwa Kenol, kando ya barabara kuu. Mwenyewe aliniambia juzi kwamba anatafuta fundi. Nitaenda kuandikwa."

"Na hii?"

"Hii tutaifunga. Nitafanya kazi na nini? Na hata nikinunua tena, si watarudi?"

Magdaline aliangalia kikombe chake. Hakuwa anamwogopea Theuri njaa. Kijana mwenye mikono kama ile hafi njaa. Aliogopa kitu kingine. Kama gareji ingefungwa, kazi ya Wamae ingeishia hapo. Wageni wangepita barabarani wakaona dirisha lenye vumbi, na hakuna ambaye angejua kwamba pale palikuwa na mtu.

"Ngoja kidogo," alimwambia mwanawe. "Kwanza tuende polisi."

Waliandikisha habari ya wizi kituoni. Wakapewa nambari ya OB, ile inayoonyesha kwamba jambo limeripotiwa. Afisa aliyewaandikia aliitwa Koplo Mwikali. Alikuwa Mkamba wa kutoka Kitui, na alipanga nyumba Skuta, si mbali na kwa Magdaline. Jioni alipomaliza kazi, alipita kuwaona. Risper pia alikuja, maana hakuwa amelala vizuri tangu Jumamosi.

Mwikali alizunguka gareji taratibu. Aligusa mlango, akapapasa mashimo ya bolti.

"Mama, kufuli zenu ni nzima," alisema. "Mwizi hakuzigusa hata kidogo. Zimekaa hapa kama askari waliolala wakiwa wamesimama."

"Askari ni nyinyi," Magdaline alisema. "Usisingizie kufuli."

Mwikali alicheka. "Haya, nimekubali. Lakini tazama. Watu wengi wanaweka kufuli kubwa upande huu, halafu wanasahau upande ule mwingine. Hizi bawaba zinazoshika mlango ziko nje. Bolti zake ziko nje, na vichwa vyake vina pembe. Mtu akiwa na spana, anafungua tu. Na spana ilitoka wapi?"

Theuri alikuna kichwa. "Niliacha spana kwenye mkebe, pale kwenye tangi la maji. Wateja wanaitumia wakati siko."

"Basi mwizi pia alikuwa mteja."

Risper alitaka kucheka, akaona si wakati wake.

"Sasa twende barabarani," Mwikali alisema. Walimfuata hadi nje ya ua. "Simameni hapa. Mnaona nini?"

Waliangalia. Kupitia dirisha pana waliona ndani yote: meza, misumari ya ukutani, kona ilipokuwa mashine.

"Tunaona gareji," Magdaline alisema.

"Mteja anaona gareji. Mwizi anaona duka. Anapita hapa mara moja, anajua kila kitu kiko wapi. Tena, nani alijua kwamba siku ile hamngekuwa nyumbani?"

Theuri aliangalia mamake. Mamake akaangalia mlima.

"Kanisa," Magdaline alisema mwishoni.

"Nani kanisani?"

"Kanisa lote. Niliomba watuombee safari."

"Ulitaja siku?"

"Nilitaja."

"Na saa ya kurudi?"

"Mwikali, unataka kunifundisha maombi?"

"Hapana, mama. Omba. Mimi mwenyewe naomba kila siku nikivaa hii yunifomu. Lakini Mungu anajua safari yako bila kutajiwa saa. Watu wa kanisa wengi ni wazuri. Shida ni kwamba maneno hayabaki kanisani. Yanaenda sokoni, yanaenda kwa stendi, yanafika kwa mtu asiyeomba. Ungesema tu, 'Niombeeni, niko na safari.' Ukishafika nyumbani salama, ndipo utoe ushuhuda wote, na chumvi yake."

Magdaline alikubali kwa kichwa polepole. Aliona neno hilo halikuwa na ubaya.

"Na wewe kijana," Mwikali aliendelea, "ile picha yako nimeiona mimi, na mimi si rafiki yako kwenye simu. Picha ya mashine ipige, lakini ibaki kwako mwenyewe. Piga na zile nambari zilizoandikwa kwenye mashine. Siku ikipotea, utuletee. Usiwaonyeshe watu wote kwamba kitu iko, na mahali iko."

"Na mimi?" Risper aliuliza. "Ningefanya nini? Walikuwa na adabu sana."

"Mwizi wa mchana lazima awe na adabu, mwalimu. Na anajua habari zenu za ruracio kuliko nyinyi wenyewe. Usigombane na mtu, usimkaribie. Piga simu tu kwa mwenye nyumba, uulize kama ametuma watu. Mtu mzuri atangoja ujibiwe. Mbaya atakumbuka kwamba ana haraka."

Waliporudi gareji, Theuri aliupiga mlango kwa kiganja. "Hii tuiuze kama chuma kuukuu. Tutanunua mlango mpya."

"Hapana," Magdaline alisema.

"Si lazima utupwe," Mwikali alisema. "Chuma chake ni kizuri kuliko cha siku hizi. Lakini utolewe, bawaba zichomelewe, na pembeni kuongezwe vyuma vya kuingia ukutani. Kusema kweli, rangi itaungua."

"Basi hakuna," Magdaline alisema. "Wamae aliipaka hiyo rangi? Hapana, ilitoka kwenye basi. Lakini aliichagua. Alikataa mabasi mengine akachagua hili. Hakuna mtu ataiunguza nikiwa hai."

Hakuna aliyebishana naye. Mwikali aliaga. Theuri aliurudisha mlango mahali pake kwa bolti zile zile. Kesho yake alianza kukunja nguo zake na kuziweka kwenye begi.

Wiki haikuwa imeisha Mwikali alipowaita kituoni. Polisi walikuwa wamekamata vyombo vya gareji kwa mtu anayeuza vitu vya wizi. Theuri na mamake walikwenda haraka.

Vyombo vilikuwa vimetandazwa sakafuni. Mashine ya kuchomelea haikuwamo. Lakini kulikuwa na jeki kadhaa, drili na rundo la spana. Theuri aliinama mara moja.

"Hii ni jeki yangu."

"Utajuaje?" Mwikali aliuliza.

"Ni nyekundu, na gurudumu moja limelegea."

Mwikali alimwonyesha jeki nyingine. Ilikuwa nyekundu, na gurudumu lake pia limelegea. "Kuna mtu wa Karatina anasema hivyo hivyo. Iko na alama yoyote? Uko na picha ya nambari yake?"

Theuri aliiachilia jeki. Hakuwa na alama wala picha.

"Basi siwezi kukupa. Nikikupa wewe, kesho mwingine atakuja kulia hapa."

Magdaline alikuwa amechuchumaa mbele ya spana. Alichukua moja, akaigeuza, akaisugua kwa ncha ya leso yake. Karibu na kichwa cha spana kulikuwa na vidoti vitatu, vimegongwa kwa ncha ya chuma, vimepangwa kama mafiga. Alichukua nyingine. Vidoti vitatu. Na nyingine.

"Hizi ni za baba yenu," alisema. "Alizigonga jikoni kwangu, akaniamshia mtoto. Wakati huo alikuwa ameandikwa kwenye gareji ya Mhindi hapa mjini. Mafundi walikuwa wengi na spana zilichanganyika. Kila mmoja alikuwa na alama yake. Yeye alisema mafiga hayasahauliki, hata mtu akiwa na njaa."

"Unaweza kuandika hayo?" Mwikali aliuliza.

"Naweza. Na nyumbani kuna zingine, ndogo, ziko na alama hiyo hiyo."

Walileta zile ndogo, zikalinganishwa. Mwikali alitoa spana zote zenye vidoti vitatu, moja baada ya nyingine, akazifungasha kwenye gunia. Spana za mzee zilirudi nyumbani. Jeki ya kijana ilibaki kituoni.

Siku hiyo mchana Magdaline aliingia gareji peke yake. Alizitundika spana mahali pake. Kisha akakaa mbele ya mlango, akautazama.

Alikumbuka kwamba mlango huu haukuwa wa kwanza. Wa kwanza ulikuwa wa mbao za mti wa kienyeji walioukata kijijini Tetu, na Wamae aliuvunja mchwa walipoanza kuula. Wa pili ulikuwa wa mapipa yaliyonyooshwa. Magdaline aliulilia ule wa mapipa, kwa sababu alikuwa amezoea kuanika mahindi juu yake ukiwa umelazwa. Wamae alimcheka. Alimwambia kwamba yeye haabudu milango.

Alikumbuka pia mikono ya mume wake ikifunga vaisi kwenye meza. Alimuuliza siku ile kwa nini anatumia bolti ndefu namna hiyo. Wamae alijibu tu kwamba mwizi ni mvivu, hapendi kitu kinachokataa kutoka. Kumbe hata siku zile za milango wazi alikuwa akifikiria. Alifunga alichoona kinahitaji kufungwa, na alipoona kitu kimeshindwa, alikibadilisha. Magdaline ndiye aliyekuwa amesimamisha kila kitu.

Aliinuka, akaenda hadi chumba cha Theuri. Begi lilikuwa kitandani.

"Mpigie Gatimu wa Giakanja," alisema. "Si alijifunza hapa kwa baba yako? Mwambie aje na mashine yake ya kuchomelea."

"Ya nini, mama?"

"Aje aunguze rangi."

Gatimu alikuja na mashine yake, na akakataa kuzungumza habari ya malipo. "Nilikula githeri ya hapa miaka mitatu," alisema. "Hiyo deni siwezi kumaliza."

Walifanya kazi mchana kutwa. Waliutoa mlango, wakaulaza. Bolti za zamani walizitupa. Waliweka bolti ambazo vichwa vyake vya nje ni mviringo, laini kama kitufe. Spana haiwezi kuvishika. Nati zake zilikaa ndani, na Gatimu akazichomelea zisizunguke. Upande wa bawaba waliongeza vyuma vifupi vinene, vinavyoingia kwenye mashimo ya fremu mlango unapofungwa. Hata mtu akiharibu bawaba, mlango hauwezi kuchomoka. Kufuli walizijengea kisanduku cha chuma. Mwenye ufunguo huingiza mkono kwa chini, na msumeno au nondo haipati nafasi.

Rangi iliungua, kama Mwikali alivyosema. Moshi wake ulikuwa mchungu. Magdaline alisimama mbali kidogo, akatazama hadi mwisho.

Hawakuishia kwenye mlango. Theuri alipaka rangi nyeupe kwenye vioo vya chini vya dirisha. Mwanga uliingia, lakini mpita njia hakuona ndani. Kwa ndani waliweka wavu wa chuma. Kona ya nyumba walifunga taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita gizani. Sakafuni walisimika pete ya chuma kwenye saruji, ili mashine ikinunuliwa ifungwe hapo kwa mnyororo. Ule mkebe wa spana uliondoka kwenye tangi, na ngazi iliyokuwa ikilala nje ikaingizwa ndani.

Mwishowe Theuri alichukua nyundo na ncha ya chuma. Aligonga vidoti vitatu kwenye kila chombo alichokuwa nacho, hata kwenye bomba la kupulizia matairi. Kisha akavipiga picha na nambari zake. Picha hizo alizituma pia kwa simu ya mamake, ili zisikae mahali pamoja.

"Bado unaenda Kenol?" Magdaline alimuuliza.

"Nimemwambia yule bosi aningoje hadi mwisho wa mwezi."

Alianza na kazi ndogo ndogo. Gatimu alimwazima jeki na mashine, na wateja wakaanza kurudi. Begi lilihamia chini ya kitanda, lakini nguo zilikuwa bado ndani yake.

Kabla ya mwisho wa mwezi, mzee mmoja wa ukoo wao alifariki huko Giakanja. Ilibidi wote waende mazishini. Safari hii Magdaline hakutangaza. Alimwambia Risper peke yake, na Mwikali. Redio waliiacha inaongea nyumbani, ili mpita njia adhani kuna mtu.

Wakiwa kando ya kaburi, watu wakiimba, simu ya Magdaline ilitetemeka mfukoni. Alitoka pembeni, chini ya migomba.

"Mama Theuri," Risper alisema kwa sauti ya chini. "Niko ndani kwangu, nimefunga mlango. Kuna vijana wawili hapo kwako. Wamekuja na pikapu. Nimewauliza kwa dirisha. Wanasema ati mmewatuma wachukue viti vya mazishi."

"Sijatuma mtu. Wanafanya nini?"

"Mmoja yuko na spana. Anazungusha, anazungusha, inateleza. Anaiangalia kama imemtukana." Risper alichungulia tena. "Sasa wanavuta mlango. Haujasonga."

"Usitoke. Mpigie Mwikali."

"Nimeshampigia. Nambari ya pikapu pia nimempa. Ngoja nijaribu kitu." Magdaline alimsikia akifungua dirisha na kuita kwa ile sauti ya kuita watoto wa chekechea. "Vijana, mwenye nyumba yuko kwa simu. Anauliza ni viti vingapi."

Injini ya pikapu ikasikika ikiwaka. Kisha Risper akarudi kwenye simu.

"Wamekumbuka wako na haraka," alisema.

Pikapu haikufika mbali. Polisi waliisimamisha kwenye njia ya kutokea mjini. Mashine ya kuchomelea ya Theuri haikupatikana hata baada ya hapo. Ilikuwa imekwenda, na Magdaline aliacha kuiuliza. Lakini katika gareji hakukupotea kitu. Kwenye mlango kulikuwa na mikwaruzo michache tu, mahali spana ilipoteleza.

Habari hiyo ilizunguka Skuta. Watu walianza kuja kuutazama mlango. Wengine waligusa vichwa vya bolti, wakaenda kuangalia milango yao wenyewe. Mwenye posho mili, ile mashine ya kusaga unga, alikuja kuuliza kama Theuri anaweza kumtengenezea kisanduku cha kufuli. Halafu akaja mwenye duka la dawa za mifugo. Halafu mzee wa kanisa, kwa niaba ya stoo ya kanisa.

Siku moja asubuhi Magdaline alikuwa ameketi nje, akichambua maharagwe. Theuri alikuwa chini ya gari, miguu tu ikionekana. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye kiti cha Peugeot, wakibishana kuhusu bei ya maziwa. Simu ya Theuri ililia. Alijivuta kutoka chini ya gari, akafuta mkono, akapokea.

"Ndiyo, bosi. Habari ya Kenol?" Alisikiliza. "Asante sana, lakini sitakuja. Nimepata kazi." Alisikiliza tena. "Kwetu."

"Theuri," mamake aliita kutoka kwenye maharagwe yake. "Mwambie asante kwa sauti nzuri. Huyo ni mtu wa upande wa wakwe."

Theuri alimshukuru bosi tena, kwa sauti nzuri. Kisha akaweka simu mfukoni, akaomba spana namba kumi na tatu, na mmoja wa wale wateja akainuka kumpa.